Karpatka iliyolala: uchambuzi wa kisa cha jiko moja la Kraków

Kisu kilipoingia, keki haikukatika, ilihama. Ganda la juu liliteleza upande mmoja, krimu ikatokea upande wa pili, na kwenye kona ya trei yakaanza kukusanyika maji ya manjano. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyonisimulia kwa simu, Jumamosi moja ya mwanzo wa Desemba, akiwa amejifungia bafuni kwa mama mkwe wake huku wageni wakiwa sebuleni na sahani mkononi.

"Dada, nimeaibika. Na nimefuata daftari neno kwa neno."

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikichukue kisa hiki kwa uzito. Mimi ni mwokaji, mwaka wa sita sasa jikoni kwenye duka la keki hapa Kraków, na nimeshaona keki nyingi zikiharibika kwa sababu mtu kapunguza sukari, kabadilisha unga, au kaamua tu kwamba mapishi ni ushauri. Huyu hakubadilisha kitu. Alipewa daftari la mama mkwe, akapima kama lilivyoagiza, akaharibikiwa mara tatu katika keki moja. Nimeandika mara tatu kwa makusudi. Pale mezani kila mtu aliliona kosa moja tu, ndiyo maana kila mtu alikuwa na jibu moja na hakuna jibu lililotosha.

Kwanza, kitu chenyewe. Karpatka ni keki ya nyumbani ya Wapolandi: maganda mawili membamba ya donge lililopikwa, lile lile la éclair za Kifaransa, na katikati krimu nene ya budyń na siagi. Budyń ni kastadi yao, ya maziwa, viini vya mayai na wanga. Ganda la juu hutakiwa livimbe ovyo, huku kilima na kule bonde, kisha linanyunyiziwa sukari ya unga ili lifanane na milima ya Karpati yenye theluji. Jina limetoka huko.

Isichanganywe na kremówka, ambayo krimu yake inafanana na hii lakini maganda yake ni ya tabaka tabaka, yanayopasuka kama sambusa iliyokaangwa vizuri. Ukienda Warszawa hiyo hiyo wanaiita napoleonka. Kremówka ndiyo yenye sifa duniani, kwa sababu tarehe 16 Juni 1999 Papa Yohane Paulo II alisimama mbele ya watu wa mji wake wa Wadowice, kiasi cha kilomita 50 kutoka hapa, akakumbuka jinsi yeye na wenzake walivyokwenda kula kremówki baada ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Mtihani huo ulikuwa wa mwaka 1938. Tangu siku ile hakuna duka la keki Wadowice lisilouza "kremówka ya Papa". Nilikuwa sijazaliwa alipofika kwetu Moshi, Septemba 1990, lakini nyumbani picha yake iko ukutani mpaka leo, na mama hajui kabisa kwamba mtu huyo alikuwa na kisa chake cha keki.

Kwa mtu wa Moshi mfano wa karpatka hauko mbali. Ganda la juu lililofanikiwa linafanana na Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro: meno meno, kuta zilizosimama, mabonde yenye kivuli. La mdogo wangu lilikuwa Shira, upande wa pili wa Kilimanjaro, mlima uliojiporomokea wenyewe ukabaki uwanda.

Mambo yalivyokwenda

Nilifika kwake Jumapili mchana. Kilikuwa kimebaki kipande cha robo trei kwenye friji, na nilimwomba asikitupe. Tukakaa mezani, nikamwambia anisimulie Ijumaa usiku tangu alipofunga mlango wa jikoni, bila kuruka kitu, hata kile anachoona hakina maana.

Alianza saa mbili usiku, watoto wakiwa wamelala. Donge: glasi moja ya maji, gramu 125 za siagi, glasi moja ya unga, chumvi kidogo, mayai matano. Mapishi ya Kipolandi hupima kwa szklanka, glasi ya chai, nayo ni mililita 250. Ganda la kwanza liliokwa kwa nyuzi 200, akaosha vyombo, akarudi baada ya dakika 25 akakuta milima. Alifurahi sana. Akaweka la pili, na kwa sababu la kwanza lilikuwa zuri hivyo, alitaka kuliona hili likipanda. Kioo cha oveni kimefifia kwa mafuta ya miaka. Akafungua mlango, akachungulia, akafunga. Dakika chache baadaye akafungua tena. Kwa maneno yake, "lilikuwa limevimba vizuri tu, dada, halafu likachoka."

Saa tatu akapika budyń. Nusu lita ya maziwa, viini vinne, sukari, sukari ya vanila, vijiko viwili vya unga wa ngano na viwili vya wanga wa viazi. Ilianza kushika chini ya sufuria, na kwa kuwa mwaka jana aliwahi kuunguza ya watoto, safari hii mara tu ilipokuwa nzito aliiondoa motoni. Akaifunika, akaitoa nje kwenye baraza. Ni desturi ya hapa: wakati wa baridi baraza ni friji ya pili, watu huweka huko hadi sufuria za supu. Nje kulikuwa nyuzi nne chini ya sifuri.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba siagi bado iko kwenye friji, ngumu kama tofali. Akaikata vipande, akaiweka kwenye bakuli juu ya kaloryfer, lile bomba la kupasha chumba joto lililo chini ya dirisha.

Saa nne akachukua bakuli la siagi, pembeni imeshayeyuka na katikati ni laini, akawasha mashine, akaanza kutia budyń kijiko kimoja kimoja. Vijiko vitatu vya kwanza viliingia. Cha nne krimu ikakatika: vidonge vidogo vya siagi vikielea kwenye majimaji, kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu. Akakumbuka kusikia kwamba krimu iliyokatika hurudishwa kwa moto. Akaliweka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, akapiga, akapiga, vidonge vikayeyuka, na krimu ikawa supu. Akaitoa barazani. Baada ya robo saa akaipiga tena ikawa laini, inang'aa, nzuri kuliko hata alivyotarajia. Akajaza keki, akalaza ganda la pili juu, akaweka kwenye friji, akalala saa sita na nusu.

Jumamosi saa kumi jioni akaipandisha ghorofa mbili juu, kwa mama mkwe. Ilikuwa imieniny ya mama, siku ya jina lake kwenye kalenda, ambayo kwa Wapolandi wa umri wake ni kubwa kuliko siku ya kuzaliwa. Keki ikawekwa mezani. Lakini mgeni mmoja, mzee wa makamo ya babu, alimwuliza anatoka wapi Tanzania, naye aliposema kaskazini, karibu na Arusha, mzee akasema neno moja: Tengeru. Basi mazungumzo yakahamia huko. Kwa asiyejua: tangu mwaka 1942 Tengeru palikuwa na makazi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia na Kazakhstan na utawala wa Kisovieti kisha wakatoka kupitia Uajemi. Makaburi yao yako pale hadi leo. Mazungumzo ya namna hiyo hayakatishwi kwa ajili ya keki. Karpatka ilikaa mezani saa nzima na zaidi, kwenye sebule ya nyuzi 23, kabla kisu hakijaletwa.

Watuhumiwa

Mezani hukumu zilitolewa haraka. Dada wa mama mkwe, huyu nitamwita shangazi, alisema ni unga. Polandi unga wa ngano huuzwa kwa namba, 450, 500, 550 na kuendelea, na namba hiyo inaeleza kiasi cha majivu kinachobaki unga ukichomwa. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo unga ulivyo mweupe na laini. Mdogo wangu alitumia 500, na shangazi anaapa kwa 450. Shemeji yangu alisema ni mayai, kwamba daftari liliandikwa zamani na mayai ya zamani yalikuwa madogo. Mama mkwe hakusema kitu, jambo ambalo mdogo wangu aliliona baya kuliko yote. Naye mwenyewe alishajihukumu: "Mimi sina mkono wa keki. Nina mkono wa ugali."

Kesi ya unga na mayai niliifuta pale pale, kabla hata sijala kile kipande. Maganda yote mawili yalitoka kwenye donge moja: unga ule ule, mayai yale yale, sufuria moja, usiku mmoja. La kwanza lilisimama. Kama unga ungekuwa na kosa, yangelala yote mawili. Bila kujua, mdogo wangu alikuwa ameshatufanyia jaribio zuri kuliko ambalo ningelipanga mimi.

Shemeji ana hoja kidogo, niseme ukweli. Yai la saizi M la soko la Ulaya lina gramu 53 hadi 63, na la L gramu 63 hadi 73, kwa hiyo mayai matano makubwa yanaweza kuzidi matano ya wastani kwa gramu 50, karibu yai zima. Donge likizidi mayai huwa jepesi na huenea badala ya kupanda. Dawa yake ni kulipiga yai la tano pembeni na kulitia kidogo kidogo, ukisimama pale donge linapoanguka kutoka kwenye mwiko kwa uzito wake na kuacha ncha inayoning'inia. Ila hilo silo lililotokea Ijumaa.

Na hilo la mkono wa ugali ndilo lililonichekesha, maana ndilo lililomwokoa. Donge hili husongwa. Unachemsha maji na siagi, unamwaga unga wote kwa mara moja, unasonga kwa nguvu juu ya moto hadi liache kuta za sufuria na chini libaki tandiko jembamba la ukoko. Waokaji wengi wapya huogopa hatua hii na kuondoa donge likiwa na maji mengi. Msichana aliyekulia Moshi haogopi ukoko. Sehemu ngumu ya mapishi yote aliifanya bila kufikiri.

Ganda

Kinacholipandisha donge hili si hamira wala baking pauda, hazimo. Ni maji yaliyomo ndani. Maji yakigeuka mvuke hutanuka mara 1,600 hivi, na mvuke huo unasukuma donge kutoka ndani kama pumzi kwenye puto. Kwa dakika za kwanza kuta za puto hilo bado ni mbichi na laini, zinashikiliwa na mvuke peke yake. Baadaye mayai na wanga hukauka, kuta zikawa ngumu, na hapo mvuke ukiondoka nyumba haianguki. Ukifungua mlango katikati ya safari, oveni inapoteza joto ghafla, mvuke unarudi kuwa maji, na kuta hazijajifunza kusimama.

Mdogo wangu alifungua mara ya kwanza kama dakika ya kumi na mbili. Mapema mno. Akafanya na kosa la pili lililotokana na la kwanza: ganda lilipolala, akadhani limeiva, akalitoa likiwa na rangi ya chapati changa. Rangi ni muhimu hapa. Ganda lililopauka bado lina maji ndani, na likiwekewa krimu huwa kama kitambaa kilicholowa. Acha mlango hadi dakika ya 20 angalau, halafu tafuta rangi ya dhahabu iliyokolea hata ndani ya mabonde, si kwenye vilele tu. Kama oveni ina feni, punguza nyuzi 20.

Ganda lililolala, hata hivyo, lisingeiharibu sherehe. Ukilinyunyizia sukari ya kutosha hakuna anayehesabu milima.

Krimu ilipokatika

Hapa wengi hukosea utambuzi. Krimu ikikatika, mtu husema siagi ni mbaya au amepiga mno. Siagi ya hapa ni asilimia 82 ya mafuta. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, yaliyotawanyika ndani ya mafuta kwa matone madogo sana. Unapoongeza budyń unaongeza maji mengine mengi na kuyaomba mafuta yayashike. Mafuta yanakubali yakiwa laini tu, yaani kwenye nyuzi 20 hivi. Yakipata baridi yanaganda vidonge na kuyaachia maji. Yakipata joto la zaidi ya nyuzi 30 yanayeyuka na hayana tena cha kushikia.

Budyń yake ilitoka barazani. Nilipomwomba akumbuke jinsi sufuria ilivyokuwa mkononi, alisema ilikuwa inauma vidole. Na siagi ilitoka juu ya kaloryfer. Kimoja kilikuwa chini ya kiwango na kingine juu yake, na wala havikukutana katikati kama mtu angetarajia: siagi iliyoyeyuka ilipogusa budyń ya baridi iliganda hapo hapo, punje punje.

Kuna jambo kuhusu daftari ambalo nililiona nilipolishika mwenyewe. Kwenye mstari wa krimu palikuwa pameandikwa margaryna, pamekatwa kwa kalamu nyingine, juu yake pakaandikwa masło, siagi. Mama mkwe alianza kupika nyumba yake miaka ambayo siagi Polandi ilikuwa ya mgawo kwa kadi, na krimu ya karpatka ilipigwa kwa majarini ya mche. Majarini haiwi ngumu kama siagi ikitoka kwenye friji na ina viungo vya kushikisha maji na mafuta, kwa hiyo inavumilia budyń ya baraza. Siagi ilipoingia kwenye daftari, neno lilibadilishwa, lakini hakuna aliyeongeza kwamba sasa vyombo viwili lazima viwe na joto moja. Mama mwenyewe hahitaji kuandikiwa; mkono wake unajua. Kwa hiyo mdogo wangu aliposema amefuata neno kwa neno alisema kweli, na maneno yenyewe ndiyo yalikuwa pungufu.

Wazo lake la kutumia moto halikuwa baya. Alizidisha tu. Krimu iliyokatika kwa baridi hurudi ukilipasha bakuli joto kwa sekunde kumi, ukapiga, ukaangalia, ukapasha tena kama bado. Au unachukua vijiko viwili vya krimu hiyo, unaviyeyusha pembeni, unavirudisha kwa utiririko mwembamba mashine ikizunguka. Ukisubiri kila kidonge kiyeyuke juu ya maji yanayochemka, umeshapita.

Maji ya Jumamosi

Sasa lile lililonisumbua kweli. Krimu ya saa tano usiku ilikuwa nzuri. Nilimwuliza mara tatu, na alinionyesha picha: imesimama, inang'aa, alama za mwiko zimebaki juu yake. Siagi iliyoyeyuka na kugandishwa tena hupoteza wepesi, haigeuki maji. Yale maji ya manjano yalitoka wapi?

Nilionja kile kipande cha robo trei. Siagi ilikuwa imeganda kwa punje ndogo, sawa na nilivyotarajia. Lakini budyń yenyewe haikuwepo. Hapakuwa na uzito wowote wa wanga mdomoni. Palikuwa na maziwa matamu.

Nilimwuliza swali moja: ilichemka?

"Ilikuwa nzito, dada."

"Sijauliza uzito. Ilichemka? Ilipasuka mapovu, pwa, pwa, kama uji?"

Haikuchemka.

Kwenye kiini cha yai kuna kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kuukatakata wanga. Wanga huanza kuvimba na kuifanya budyń iwe nzito mapema, kabla sufuria haijakaribia kuchemka. Kimeng'enya hicho hakifi kwenye joto hilo. Unaiondoa budyń ikiwa imenona, unaipoza, na usiku kucha ndani ya friji mkasi unaendelea kufanya kazi polepole. Asubuhi uzito wote umekatika vipande. Ukiipeleka hadi ichemke na kuiacha ipasue mapovu dakika moja au mbili, huku unakoroga bila kuachia, amilesi inakufa na wanga unabaki mzima.

Kwa nini hakulijua hili, yeye aliyekoroga kastadi tangu akiwa darasa la nne? Kwa sababu kastadi ya kopo tuliyokulia nayo haina yai. Ni wanga wa mahindi, rangi na harufu ya vanila. Ukiiondoa mapema itakuwa na ladha ya unga mbichi, basi, haitakusaliti usiku. Uzoefu wake ulikuwa wa kweli, ila wa chakula kingine.

Palikuwa na mtuhumiwa mwingine wa haki. Mate yetu nayo yana amilesi, na mwiko ulioonjwa ukarudishwa sufuriani unaweza kuilainisha budyń vivyo hivyo. Mdogo wangu alikiri ameonja. Mara ngapi? Akanyamaza kama mama mkwe wake.

Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata tulijaribu. Tulipika budyń moja kwa vipimo vya daftari, bila kuonja hata tone. Ilipoanza kuwa nzito, kipimajoto kikionyesha nyuzi 76, nikamimina nusu yake kwenye bakuli. Nusu nyingine nikaiacha motoni hadi ikapasua mapovu, nikahesabu dakika mbili. Zote tukazifunika kwa plastiki inayogusa uso wa budyń ili zisifanye ngozi, zikapoa jikoni, zikalala kwenye friji. Asubuhi ile iliyochemka ilikatika kwa kisu. Ile nyingine ilimiminika kutoka kwenye kijiko kama mtindi uliotikiswa. Mwiko ukaachiwa huru, angalau kwa kosa hili, kwa sababu bila mate yoyote viini peke yao vilitosha.

Kuna tahadhari ya upande wa pili. Wanga wa viazi haupendi kuteswa. Ukiuchemsha dakika kumi na kuupiga kwa nguvu unalegea wenyewe. Dakika mbili zinatosha.

Ukiyaweka makosa haya pamoja, ndipo unaona kwa nini Jumamosi ilikuwa mbaya kuliko kila kosa peke yake. Usiku wa Ijumaa, krimu ilisimama kwa sababu siagi ilikuwa imeganda kwa baridi ya baraza, ikauficha udhaifu wa budyń. Ndani ya friji budyń ikaendelea kuliwa kimya kimya, huku siagi baridi imeishikilia keki kama gundi. Kisha saa nzima ya Tengeru kwenye sebule ya nyuzi 23 ikailegeza siagi, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Ganda la juu, lililokuwa halijakauka, halikunywa hata tone la yale maji, lilikuwa limeshalewa. Kama wangekula mara ilipotoka kwenye friji, nadhani ingekatika vibaya kidogo tu, shangazi angelaumu unga, na habari ingeishia hapo. Tena saa moja na zaidi mezani si salama sana kwa krimu ya mayai. Mimi sipendi ikae nje zaidi ya saa mbili.

Karpatka ya pili

Tuliioka Jumamosi ya asubuhi ile ya jaribio, kwa oveni ile ile na unga wa 500 ule ule, kwa makusudi, shangazi asipate pa kusimama. Siagi, gramu 200, ililala nje ya friji usiku mzima jikoni, nayo budyń iliyochemka ikatolewa asubuhi na kuachwa mezani karibu nayo hadi kipimajoto kikasoma 20 na 21. Tuliipiga siagi peke yake dakika tano hadi ikawa nyeupe, ndipo budyń ikaingia kijiko kwa kijiko. Donge tulilipaka kwenye trei za sentimita 20 kwa 30 kwa mgongo wa kijiko kilicholowa, ovyo ovyo, bila kusawazisha. Anayesawazisha karpatka anajinyima milima. Mlango wa oveni nilimkabidhi mpwa wangu wa miaka saba, aulinde na mama yake asifungue. Aliulinda kwa ukali wa askari wa benki.

Tulipata Mawenzi mbili. Ya chini tuliilaza uso ukitazama juu, krimu ikaingia mabondeni, kisha saa nne kwenye friji. Mama mkwe alishuka mwenyewe, hakungoja kuitwa. Alikata kipande cha pembeni, akala amesimama, akasema sukari ya krimu imezidi kidogo, akakata kingine.

Ile budyń ya nusu ya kwanza, iliyogeuka mtindi, hatukuitupa. Tuliichemsha vizuri, na watoto wakaimwagia juu ya chapati za maji.